Mwarobaini, sukari au borohaidraidi: njia ipi ya kutengeneza chembe za nano inachafua kidogo zaidi?

Chemsha majani ya mwarobaini kama unavyochemsha chai, yachuje, kisha mimina maji yake kidogo kidogo kwenye bika, kikombe cha kioo cha maabara, lenye naitreti ya fedha, yaani chumvi ya madini ya fedha iliyoyeyushwa majini. Baada ya muda utaona kitu ambacho sijawahi kuchoka kukitazama. Maji yanaanza na unjano hafifu, yanaingia rangi ya asali, halafu yanakolea mpaka yanafanana na kahawa. Hakuna aliyetia rangi. Fedha iliyokuwa imeyeyuka imejikusanya ikawa chembe za nano, ndogo kuliko nanomita 100, na milimita moja ina nanomita milioni. Chembe za fedha za ukubwa huo hufyonza mwanga wa nanomita 400 hadi 420 hivi, ndiyo sababu ya ile rangi.

Uzuri huo ndio unaowavuta wanafunzi wa kemia wa mwaka wa mwisho. Wanaotaka mradi wa nano usiochafua mazingira huja na jani mkononi: mwarobaini, mlonge, mshubiri, mpera. Nimesimamia kazi hizi kwa muda wa kutosha kusema bila kuzunguka kwamba jani linafaa kwa kazi fulani, na kwa nyingine nyingi kuna njia safi zaidi.

Ili tusilinganishe hewani, tuchukue kazi moja: kichujio cha maji cha chungu. Ubunifu wake ulianzia Guatemala mwaka 1981 kwa Fernando Mazariegos. Udongo wa mfinyanzi unachanganywa na unga wa mbao au pumba, unafinyangwa, unachomwa. Pumba zinaungua na kuacha vitundu vya kupitisha maji, kisha chungu kinapakwa fedha ya nano ili kuua bakteria. Tuseme wewe ndiye unayetakiwa kuitengeneza hiyo fedha. Utachagua njia gani?

Tunapima nini hasa

Njia zote za majini zinahitaji vitu viwili. Kwanza, mtoa elektroni, anayeigeuza ioni ya fedha, yaani atomu iliyopungukiwa elektroni, kuwa fedha kamili. Pili, vazi, yaani kitu cha kuizunguka kila chembe ili zisigandamane zikaanguka chini kama masizi. Njia hutofautiana kwa mtoa elektroni, vazi, maji na joto.

Ukisema kemia ya kijani, wengi wanafikiria mimea moja kwa moja. Paul Anastas na John Warner walipoandika kanuni zake 12 mwaka 1998, ya kwanza waliiweka kwenye kuzuia taka zisitokee kabisa. Kutumia nishati kidogo ni ya sita, na malighafi zinazoota upya ni ya saba. Ya saba ina maana yake, lakini huwezi kuziruka sita za mwanzo ukaanzia hapo.

Tena kuna fedha yenyewe. Ilichimbwa, ikasagwa, ikasafishwa kwa umeme mwingi. Tathmini zilizofuatilia safari nzima ya fedha ya nano, kuanzia mgodini, zimekuta kwamba sehemu kubwa ya madhara iko huko nyuma kwenye fedha ghafi, kabla hujafungua chupa maabara. Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mwanafunzi ni hili: katika kila gramu ya fedha uliyoweka, ngapi imekuwa chembe na ngapi imeishia kwenye sinki? Nitatumia gramu moja ya fedha kama kipimo chetu hapa chini. Hesabu ni zangu, kutokana na viwango vya kawaida vya kila njia.

Borohaidraidi: inaogopwa kupita kiasi, na inanywa maji

Sodiamu borohaidraidi ni mtoa elektroni mkali. Katika zoezi linalofundishwa vyuoni sehemu nyingi, mililita 30 za borohaidraidi ya milimola 2 kwa lita (milimola ni kipimo cha wingi wa kemikali) huwekwa kwenye barafu, halafu mililita 10 za naitreti ya fedha ya milimola 1 hudondoshwa tone moja kila sekunde huku sumaku ikikoroga. Ukishika mwendo huo unapata maji ya njano angavu na chembe za nanomita 12 hivi, zinazolingana vizuri. Ukiharakisha, au ukisahau kuzima sumaku matone yakiisha, chembe zinagandamana na maji yanageuka kijivu.

Borohaidraidi yenyewe ni sumu ikimezwa, huchoma ngozi, na ikikutana na maji hutoa haidrojeni, kwa hiyo jiko la moto halikai karibu. Lakini angalia kiasi. Kwa gramu moja ya fedha unahitaji takriban gramu 2 tu za dawa hii, na inachoacha ni chumvi za boroni. Mzigo mkubwa ni maji. Gramu hiyo moja imetawanywa kwenye lita 37, tena maji safi yaliyokenekwa na kupozwa. Kwa anayetaka chembe ndogo zenye ukubwa sawa kwa ajili ya vipimo, naikubali bila aibu. Kwa vyungu 200 vya kijiji, hapana.

Tofautisha hii na njia zinazotumia haidrazini kama mtoa elektroni au dimethilformamaidi kama kiyeyushi. Ya kwanza inashukiwa kuleta saratani na ya pili inadhuru uzazi. Hizo kwa kazi ya fedha sioni sababu ya kuzigusa.

Sitreti: mkongwe asiye na makuu

Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake walieleza namna ya kupata chembe za dhahabu kwa kuchemsha chumvi yake na sitreti, ndugu wa asidi iliyomo kwenye ndimu. Mwaka 1982 Lee na Meisel wakaeleza ya fedha: miligramu 90 za naitreti ya fedha katika nusu lita ya maji yanayochemka, mililita 10 za sitreti ya asilimia 1, kisha kuchemsha saa nzima.

Sitreti haina madhara ya kusimulia, na inafanya kazi zote mbili, ya kutoa elektroni na ya kuvika. Gramu moja ya fedha inakaa kwenye karibu lita 9. Gharama iko kwenye kuchemsha lita hizo kwa saa moja, na kwenye matokeo: kwa fedha, tofauti na dhahabu, chembe hutoka kubwa na za maumbo mchanganyiko, nyingine mviringo, nyingine kama vijiti. Chungu hakijali umbo. Kama una sitreti kabatini na jiko la umeme, hii inatosha kwa kichujio, na huna haja ya kuona haya kwamba haina jani.

Glukosi na wanga: chaguo langu

Mwaka 2003 watafiti watatu, Raveendran, Fu na Wallen, walichapisha njia ambayo nashangaa haijaenea kwetu zaidi. Mtoa elektroni ni glukosi. Vazi ni wanga. Kiyeyushi ni maji. Joto ni sentigredi 40, muda saa 20, na chembe zinatoka na wastani wa nanomita 5 hivi. Ukigeuza viwango vyao kwa gramu moja ya fedha, unapata karibu lita 6 za maji, gramu 10 za wanga na gramu 2 na nusu za glukosi. Hakuna kuchemka, na hakuna barafu. Dar es Salaam mwezi wa Februari hewa ya chumbani yenyewe inakufikisha zaidi ya nusu ya safari kutoka maji ya friji hadi 40.

Hapa kuna mitego, na nimeona watu wakinaswa.

Sukari ya chai haifai. Sukrosi haitoi elektroni mpaka ivunjwe kwanza kuwa glukosi na fruktosi. Mwanafunzi aliyeweka sukari ya mezani akasubiri siku mbili hakukosea mahesabu, alikosea kopo. Glukosi ya unga ya dukani kwa Mangi nayo soma lebo yake: nyingine zimetiwa vitamini C, na vitamini C ni mtoa elektroni mwenye haraka kuliko glukosi. Utaona rangi imekuja kwa dakika chache ukafurahi, kumbe kazi imefanywa na mwingine na ukubwa wa chembe umebadilika.

Wengine wakiona saa 20 ni nyingi huongeza amonia ili kuharakisha. Inaharakisha kweli. Ila maji ya fedha na amonia yakiwekwa kwa siku kadhaa huweza kutengeneza mchanga mweusi unaolipuka kwa kuguswa tu. Ukilazimika kutumia amonia, tengeneza unachotumia leo, na kinachobaki kimalize leo leo kwa asidi kidogo. Mimi ningesubiri saa 20.

Upungufu wa kweli wa njia hii ni kwamba wanga na sukari ni chakula cha vijidudu, kwa hiyo chungu kilichopakwa kisafishwe kwa kupitisha maji ya kumwaga mara kadhaa kabla ya kunywewa. Faida yake ni kwamba unajua gramu ngapi za nini zimo ndani. Kwa jani, hujui.

Jani: uzuri wake na hesabu yake

Mwaka 2004 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Kemia mjini Pune, India, walionyesha kwamba maji ya majani ya mwarobaini yanaweza kutengeneza chembe za fedha, za dhahabu, na hata zenye vyote viwili. Tangu hapo sidhani kama kuna mti wa dawa uliosalimika. Ndani ya jani mna viini vya mmea kama polifenoli na flavonoidi, mna sukari na protini, na hivyo vyote vinagawana kazi ya kutoa elektroni na kuvika. Ni jiko la kemia lililopikwa na mti. Naliheshimu.

Tatizo linaanzia palepale. Mwarobaini uliochumwa masika na uliochumwa kiangazi si jani lile lile. Mti wa Dodoma na wa Tanga haina viini vilevile. Maji ya majani yakikaa friji siku chache yanaanza kuchacha. Mwanafunzi anapata matokeo mazuri Machi, anarudia Agosti, rangi haiji. Amebaki na fedha aliyoitumia mara mbili, na kila jaribio lililoshindikana nalo ni taka.

La pili ni kloraidi. Majani yana chumvi zake, na kloraidi ikikutana na ioni ya fedha hutengeneza kloraidi ya fedha, unga mweupe unaobadilika kuwa wa zambarau ukipigwa na mwanga. Ukiiangalia bika utadhani mambo yamekwenda sawa, maana rangi ya kahawia inafunika. Kinachosema ukweli ni kipimo cha eksirei cha fuwele. Kwenye mchoro wake, fedha safi hutoa vilele karibu na pembe za digrii 38, 44, 64 na 77. Ukiona vilele vikali karibu na 28, 32 na 46, umetengeneza kloraidi ya fedha kwa sehemu kubwa. Vilele hivyo nimeviona kwenye michoro mingi ya kazi za majani vikiitwa "uchafu kutoka kwenye mmea", na mwandishi anaendelea na safari. Huo ni mzigo wa fedha uliopotea njia, na unastahili kutajwa kwa jina lake.

Kuna jaribio la sekunde kumi linalookoa wiki nzima. Chukua maji unayotarajia kutumia, yawe yaliyokenekwa maabara au maji ya kuongezea betri (si asidi ya betri) ya kituo cha mafuta, weka kidogo kwenye kioo safi juu ya karatasi nyeusi, dondosha tone la naitreti ya fedha. Yakiingia ukungu mweupe, yana kloraidi, yaache. Maji ya bomba karibu kila mara yanaingia ukungu. Vaa glavu, kwa sababu tone hilo likigusa kidole litaacha doa jeusi litakalokaa mpaka ngozi yenyewe ibadilike.

Halafu kuosha. Kwa viwango vya kawaida, sehemu moja ya maji ya majani kwa tisa za naitreti ya milimola 1, gramu moja ya fedha iko kwenye lita 10 hivi. Majani yenyewe ni gramu 100 tu, konzi mbili tatu. Lakini mchanganyiko umejaa mabaki ya jani yasiyohitajika, kwa hiyo watu huzungusha kwenye sentrifuji, mashine inayozitenga chembe kwa kuzungusha mirija kwa kasi, na kuosha. Sentrifuji ya maabara nyingi inabeba mirija 6 ya mililita 50, yaani mililita 300 kwa mkupuo. Lita 10 ni mikupuo 34. Kila mmoja dakika 20. Hiyo ni zaidi ya saa 11 za mashine inayonguruma kwa kasi, kabla ya kuosha mara ya pili. Ukiweka umeme huo kwenye mizani, gramu 2 za borohaidraidi zinaanza kuonekana kitu kidogo.

Je, jani litupwe? Hapana. Lina kazi zake. Kama unachotafuta ni vazi lenye viini vya mmea huo, kwa mfano unataka kujua kama flavonoidi za mlonge zikikaa juu ya fedha zinabadilisha nguvu yake dhidi ya bakteria, basi jani ndilo swali lenyewe na huwezi kulikwepa. Kama ni somo la shule ya sekondari, jani moja na bika moja linafundisha kuliko kurasa kumi. Na kama mmea wako ni taka tayari, maganda ya machungwa au machicha ya chai, una hoja ya ziada. Ukichagua jani, lianike kivulini, lisage, uchanganye unga wote wa mradi mzima siku moja, uufunge vizuri na utumie huohuo mwanzo hadi mwisho. Andika mti, mahali na mwezi.

Bakteria na kuvu

Mwaka 1999 Tanja Klaus na wenzake waliripoti bakteria wa Pseudomonas stutzeri, waliotoka kwenye mgodi wa fedha, wanaojaza chembe za fedha hadi nanomita 200 ndani ya miili yao. Ni habari ya kustaajabisha. Kwa kazi yetu, hata hivyo, unalipa chakula cha bakteria, siku za kusubiri, jiko la mvuke la sentigredi 121 la kuua vijidudu mwanzo na mwisho, na kuvunja seli ili kutoa fedha iliyomo.

Kuvu ni rahisi kidogo kwa sababu Fusarium oxysporum hutengeneza chembe nje ya seli zake. Lakini jina hilo mkulima wa Kagera anayajua matendo yake hata kama hajui tahajia yake: aina za kuvu huyu ndizo zinazoleta mnyauko wa migomba na wa nyanya. Kumlea kwa ndoo katikati ya migomba ili tujiite rafiki wa mazingira sikubali, isipokuwa kwenye maabara yenye ulinzi kamili.

Mashine za leza, zinazopiga bamba la fedha ndani ya maji, hazitumii dawa yoyote, na chembe zake ni safi kuliko zote. Kama chuo chako tayari kina leza hiyo, omba nafasi. Kununua kwa ajili ya vyungu, hapana.

Ukibadilisha kitu: silika, na hapa taka inashinda

Jibu langu la fedha lisichukuliwe kuwa la kila chembe. Kwa silika, kiwanja cha silikoni na oksijeni kinachojenga mchanga, mmea unashinda waziwazi.

Njia mashuhuri ya mwaka 1968, ya Stöber, Fink na Bohn, hutumia kiwanja cha silikoni kilichotengenezwa kiwandani, ethanoli nyingi na amonia. Inatoa tufe zinazofanana kama shanga. Ukitaka shanga, ifuate. Ukitaka silika ya kuchuja maji, nenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Mwea au Kyela, utazame lile rundo la pumba. Tani moja ya mpunga huacha takriban kilo 200 za pumba. Ukizichoma vizuri unapata kilo 40 hivi za majivu, na sehemu karibu tisa kwa kumi za majivu hayo ni silika. Unayachemsha na sodiamu haidroksaidi, unachuja, unapunguza ukali wake wa alkali (pH) kwa asidi taratibu, na silika inajitokeza kama uji mzito. Mtanzania Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kichujio kinachounganisha mchanga na nano. Nyenzo za nano kwa maji ya kwetu si ndoto ya mbali.

Joto ndilo la kuangalia. Pumba zichomwe karibu na sentigredi 600, baada ya kusafishwa kwa asidi hafifu, hata asidi ya ndimu, ili potasiamu itoke. Ukipanda sana juu ya 700 silika inaanza kujipanga kuwa fuwele, na vumbi la silika ya fuwele huharibu mapafu na kuleta saratani. Kwa hiyo yale majivu ya bure kutoka tanuri la matofali, ambayo kila mtu hukimbilia kwanza, ndiyo ya kuepuka: tanuri la matofali huvuka joto hilo kwa urahisi.

Chupa ya mwisho

Njia yoyote utakayochagua kwa fedha, weka chupa ya kahawia kando ya sinki kabla hujaanza. Ioni za fedha ni sumu kali kwa samaki na viumbe wadogo wa majini. Maji ya fedha yasiyotumika yatie chumvi ya jikoni: kloraidi ya fedha itaanguka, acha itulie usiku kucha, mwaga maji ya juu, hifadhi tope. Chembe za borohaidraidi na za sitreti nazo hugandamana zikitiwa chumvi. Zile za wanga na za jani hazikubali kirahisi, kwa sababu vazi lao ni imara, na uimara huohuo unaozifanya zikae vizuri chupani utazifanya zikae muda mrefu mtoni. Hizo usizimwage kabisa. Ziandikie kiasi na tarehe, zikusanye, na zikifika lita kadhaa mpe fundi wa maabara azivunje kwa asidi ya nitriki ndani ya kabati la maabara linalovuta mvuke wa sumu, fedha irudi kuwa naitreti na itumike tena.